Mfiwa na Kazi ya Mikono Yake

Mwaka huu, mvua za masika zilipokuwa zikikoma, lililetwa mbele ya wazee wa kanisa letu shauri ambalo hatukupata kulisikia kabla. Mjane mmoja wa kijiji chetu, ambaye mumewe alikuwa amezikwa siku tisa tu, alionekana ameketi nyuma ya nyumba yake akipasua ukindu. Kesho yake alionekana akisuka ukili. Ndugu za marehemu wakaona ni aibu kubwa. Wakasema, "Matanga hayajaanuliwa, watu wangali wanakuja kutoa pole, naye ameshika kazi kama mtu asiyefiwa. Mwanamke huyu hana uchungu na ndugu yetu." Wakataka wazee wamkanye.

Mjane alipoulizwa hakujitetea kwa maneno mengi. Alisema, "Baba zangu, ukindu huu aliukata yeye, akauleta begani kutoka mtoni majuma mawili kabla hajaugua. Aliniambia nisuke mkeka wa wageni. Nikikaa bure naona giza, wala machozi hayatoki. Nikiushika ukindu huu naweza kulia."

Wazee wakanyamaza. Nasi tuliokuwa pale kuandika maneno ya baraza, kalamu yetu ilisimama.

Tangu siku ile tumelifikiri neno hilo, nasi twaona ya kuwa si la mjane mmoja tu. Ni swali liwapasalo wote waliopata kufiwa, na ni nani asiyekuwa mmoja wao? Je, yafaa mfiwa atie mikono yake kazini, au kufanya hivyo ni kumdharau aliyekufa? Twamwomba msomaji atuvumilie tulichunguze polepole, maana pande zote mbili zina haki yake.

Kwanza tuwape haki yao wale waliolalamika. Desturi ya kukaa matanga haikuwekwa na wapumbavu. Mtu akifiwa, jirani humtekea maji, humpasulia kuni, humpikia chakula, tena hulala pamoja naye sakafuni ili asiamke usiku akajiona yu peke yake. Wahenga walisema, "Kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia." Maana yake mfiwa lazima apewe nafasi ya kulia kwanza, na asiyelia hana wa kumsaidia. Hata katika Maandiko twasoma habari za rafiki watatu wa Ayubu, ambao walikaa naye chini siku 7, mchana na usiku, bila kumwambia neno. Wengi wetu twaona ya kuwa hizo ndizo siku walizomfaa. Walianza kumwudhi walipofungua vinywa vyao. Basi mtu amwitaye mfiwa shambani siku ya tatu, akimwambia, "Inuka, kazi ni dawa," huyo ni mkatili, ingawa asema kwa nia njema. Ndiyo maana wahenga walisema tena, "Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi." Mzigo ule u mwepesi kwake yeye asiyeubeba.

Lakini sasa na tuitazame nyumba ya msiba ilivyo. Vijana wanachimba kaburi. Fundi anapiga randa mbao za jeneza. Wanawake wanatwanga na kupika. Wazee wanapokea wageni, na watoto wanatumwa huku na huku kuleta maji na moto. Kila mmoja ana jambo la kufanya kwa ajili ya marehemu, isipokuwa yule mmoja aliyempenda kuliko wote. Huyo tumemketisha ukutani, mikono yake imelala juu ya magoti. Tumemwondolea kazi zote kwa ajili ya upendo, na siku za kwanza twafanya vema. Siku zikizidi, huenda tukawa tumemnyang'anya kitu alichokihitaji kuliko chakula chetu.

Maana upendo tuliokuwa nao kwa mtu wetu haukukaa moyoni tu. Ulikaa mikononi. Kwa mke, ulikuwa maji ya kuoga yaliyotiwa moto kila jioni, na kanzu iliyotiwa kiraka. Kwa mume, ulikuwa paa lililoezekwa kabla ya mvua, na mzigo wa ukindu uliobebwa begani. Mauti humwondoa mtu kwa saa moja, lakini hayawezi kuyaondoa mazoea ya mikono kwa saa moja. Asubuhi yake mikono yaamka na kutafuta kazi ile ile, wala haimwoni wa kumtendea. Sisi twadhani ya kuwa sehemu kubwa ya huzuni ni hiyo: ni upendo uliobaki bila kazi.

Wajane wa mji wa Yafa walilijua neno hili. Tabitha alipokufa, nao walipomwona Mtume Petro akipanda orofani, walisimama karibu naye wakilia, wakimwonyesha kanzu na nguo alizowashonea marehemu alipokuwa pamoja nao. Hawakuwa na ushuhuda mwingine ulio bora kuliko zile nguo. Waliposhika nguo walimshika Tabitha. Na mjane wetu vivyo hivyo: marehemu alianza mkeka ule kwa panga lake mtoni, naye aliumaliza kwa vidole vyake. Je, tutasema amemdharau, ilhali hiyo ndiyo kazi ya mwisho waliyoifanya pamoja?

Tukichunguza zaidi, twaona kazi ya mikono inamfaa mfiwa kwa njia tatu.

Njia ya kwanza ni kwamba kazi hugawanya mzigo uwe mafungu madogo. Wasomaji wetu wa kike wajua mkeka unavyofanywa. Ukindu hukatwa, huanikwa, hupasuliwa kuwa chane nyembamba. Chane husukwa kuwa ukili, wenye upana wa vidole vichache na urefu wa pima nyingi, kisha ukili hushonwa ukingo kwa ukingo hata uwe mkeka. Hakuna awezaye kusuka mkeka kwa siku moja. Basi mwulize mjane, "Utaishije miaka yote iliyobaki bila mumeo?" Swali hilo litamwangusha, na hata sisi lingetuangusha. Lakini mwulize kama aweza kupitisha chane hii juu ya hii, hilo aliweza. Kisha nyingine, na nyingine, hata jua likatua, naye ameipita siku moja.

Njia ya pili ni kwamba kazi haimwonei haya mfiwa. Katika siku za msiba watu wote humwachia. Akisema neno lisilofaa, hunyamaza. Akiwa hataki kula, humbembeleza. Lakini ukindu haumbembelezi. Akikosa chane moja, marembo ya ukili yaharibika, naye hana budi kufumua. Ubao uliokatwa mfupi ni mfupi, hata kama seremala amefiwa na watoto saba. Kwanza jambo hili laonekana kama ukali. Sisi twaliona kuwa ni rehema. Mtu aliyefiwa huona dunia nzima imekosa nguzo. Aliyemtegemea asubuhi hayupo jioni. Naye apata mikononi mwake kitu ambacho bado kinashika kanuni zake, kilicho kweli leo kama kilivyokuwa kweli jana. Akikifuata vema chamtii. Pole pole anajua kwamba si kila kitu kimezikwa.

Njia ya tatu ni kwamba mauti hupunguza, na kazi huongeza. Nyumba iliyokuwa na watu watano sasa ina wanne. Hakuna mkeka uwezao kulipa hesabu hiyo, wala asitokee mtu wa kumwambia mjane kwamba amelipwa. Hata hivyo, siku ya mwisho ya kazi yake, pana kitu nyumbani ambacho hakikuwapo, nacho kimetoka katika msiba wenyewe. Wageni watakikalia, na watoto watakilalia.

Labda msomaji atasema, "Haya ni mambo ya wanawake na mikeka." Basi na tukumbuke habari za wanaume ambao jina lao halitasahauliwa katika Afrika. Mwanzoni mwa Mei 1873, David Livingstone alikufa katika kijiji cha Chitambo, karibu na ziwa Bangweulu, katika nchi iitwayo leo Zambia. Watumishi wake walimkuta usiku amepiga magoti kando ya kitanda chake, amekwisha kukata roho. Wakubwa wao walikuwa Susi, mtu wa Shupanga katika mto Zambezi, na Chuma, Myao aliyefunguliwa utumwani mwaka 1861. Pwani ilikuwa mbali nao, zaidi ya maili 1,000. Wangeweza kumzika pale na kwenda zao, wala hakuna ambaye angewalaumu.

Waliyoyafanya kwa mikono yao yajulikana moja moja. Walijenga ua imara usio na paa, ili jua liingie. Farijala, aliyekuwa amemtumikia daktari huko Unguja, akaupasua mwili. Moyo wakautia katika kasha la bati, wakauzika chini ya mti. Jacob Wainwright, aliyefundishwa katika shule ya misioni ya Nasik kule Bara Hindi, akasoma sala za maziko, kisha akachonga katika mti ule jina la marehemu na tarehe ya kufa kwake. Mwili wakautia chumvi, wakauanika juani siku 14, wakiugeuza mara moja kila siku. Wakabambua gome la mti likiwa zima kama mzinga, wakautia mwili ndani yake, wakalishonea turubai kwa nje, wakalifunga katika mti ili wanaume wawili waweze kulichukua mabegani.

Walipofika Unyanyembe mwezi wa Oktoba 1873, Mwingereza mmoja, Luteni Cameron, aliwashauri wamzike huko. Wakakataa. Na njiani waliposikia kwamba watu wa mbele hawatakubali maiti ipite katika nchi yao, waliufunga mwili upya hata ukafanana na mtumba wa nguo, tena wakafunga mabua ya mtama yafanane na maiti, wakatuma watu warudi nayo nyuma kama waendao kuzika. Katika Februari 1874 walifika Bagamoyo. Tarehe 18 Aprili 1874 Livingstone alizikwa London, katika kanisa la Westminster Abbey, na Jacob Wainwright alikuwa mmoja wa waliolichukua jeneza lake.

Ndugu msomaji, watu hawa walikuwa wafiwa. Je, tuwaambie kwamba wangekaa chini ya ule mti, mikono magotini, ndipo tungeamini kuwa walimpenda bwana wao? Huzuni yao ilikuwa kupasua, kutia chumvi, kubambua, kushona na kuchukua, kwa miezi tisa. Kila fundo walilolifunga lilikuwa pole yao. Mti ule ulikatwa mwaka 1899, na hata leo katika kanisa kuu la Mkunazini, Unguja, lililojengwa mahali pa soko la watumwa, uko msalaba uliotengenezwa kwa mbao zake.

Lakini tusipite upesi, maana yako mashaka ya kweli, nayo hatukuyapata vitabuni. Je, mtu hawezi kufanya kazi ili asihuzunike? Aweza. Sisi tulifanya hivyo.

Miaka sita iliyopita tulimzika mtoto wetu wa pili, aliyekuwa na umri wa miaka minne. Juma la pili tulirudi shuleni. Tukatengeneza madirisha yote yaliyokuwa yamevunjika, tukapaka kuta chokaa, tukaandika upya madaftari ya miaka mitatu. Tulirudi nyumbani giza likiwa limeingia. Watu wakatusifu, wakasema, "Mwalimu ana imani kubwa." Haikuwa imani. Tulikuwa tukimkimbia mama wa mtoto, kwa kuwa usoni pake tulimwona mtoto. Mikono yetu ilifanya kazi kuliko wakati wote wa maisha yetu, na moyo wetu ulizidi kuwa mkavu.

Jioni moja mama yule akatuambia, bila ukali, "Mwalimu, umetengeneza madirisha ya shule yote. Kaburi la mwanao halina hata alama."

Tulikosa la kujibu. Siku ya Jumamosi tulichukua kipande cha mvule, naye akaja akashika ubao upande mmoja ili usitikisike chini ya msumeno. Msomaji aliyewahi kutengeneza msalaba ajua kwamba kila mti hukatwa nusu ya unene wake, ili mmoja ulale ndani ya mwenziwe. Mara ya kwanza tulikata vibaya, mti ukacheza. Tukaanza tena. Kisha tukachonga jina kwa patasi. Lilikuwa jina fupi, la herufi tano, na herufi hizo zilituchukua siku mbili. Katika kazi yetu tumeandika majina mengi ya watoto, lakini jina hilo hatukuwahi kuliandika, kwa kuwa hakuwa amefikia umri wa shule. Hapo ndipo tulipolia, sisi na mama yake, vumbi la mbao likiwa juu ya magoti yetu. Na tangu jioni ile tuliweza kulitaja jina la mtoto ndani ya nyumba.

Kwa hiyo twajua ya kuwa kazi za mfiwa ni za namna mbili, ingawa kwa macho ya jirani zafanana. Iko kazi ya kukimbia. Hiyo haina jina la marehemu ndani yake. Humtenga mtu na wafiwa wenzake. Nayo haina mwisho, maana aikomeshapo atakutana na kile alichokikimbia. Iko na kazi ya kuomboleza. Hiyo hufanywa kwa ajili ya marehemu, au kwa ajili ya wale aliowapenda. Huacha nafasi ya machozi. Na mtu mwingine aweza kuja kushika ubao upande wa pili. Mtu ajipime mwenyewe. Jirani asiwe mwepesi wa kuhukumu, maana sisi tulisifiwa tulipokuwa tukikimbia, na mjane alilaumiwa alipokuwa akilia.

Neno moja limebaki, nalo ni kubwa kuliko yote. Injili ya Luka yatuambia ya kwamba wanawake waliomfuata Bwana kutoka Galilaya waliliona kaburi, wakaona jinsi mwili ulivyowekwa, wakarudi, wakatengeneza manukato na marhamu. Siku ya sabato walistarehe kama ilivyoamriwa. Hapa twaona desturi zote mbili katika watu wale wale: walitengeneza, tena walikaa. Na alfajiri ya siku ya kwanza ya juma walichukua kazi ya mikono yao, wakaenda.

Manukato yale hayakutumika. Mwili haukuwapo. Mtu wa hesabu atasema walipoteza kazi yao bure. Lakini tufikiri: ni kitu gani kilichowaondoa nyumbani alfajiri ile, wakati wengine walikuwa wamejifungia kwa hofu na huzuni? Ni manukato yaliyokuwa tayari. Walikwenda kumalizia kazi ya mauti, nao wakawa wa kwanza kuzisikia habari za uzima. Sisi twaamini ya kuwa Mungu huzitumia hivyo kazi za wafiwa. Hazimrudishi marehemu, wala hazimalizi huzuni. Humwinua mtu aende njia fulani akiwa na kitu mkononi, na Mungu yuko njiani.

Basi, ndugu wasomaji, twawashauri haya. Siku za kwanza mwacheni mfiwa akae, mkae naye, mnyamaze. Siku zikipita, mkiona mikono yake yaanza kutafuta kitu, msimpokonye kwa kumwambia, "Wacha, tutafanya sisi." Mpeni, kisha mkae karibu. Si lazima awe fundi. Aweza kuweka mawe kulizunguka kaburi, kupanda mti, kumalizia ukuta ambao marehemu aliuacha nusu, au kuishona nguo ya marehemu iwe ya mtoto wake. Na asiyetaka, asilazimishwe, maana kazi iliyolazimishwa ni mzigo wa pili.

Tena msomaji atataka kujua mwisho wa shauri letu. Wazee waliamua kwamba mjane hana kosa, ila wakamwomba aketi mahali wageni waweza kumwona na kumpa pole. Akakubali. Mama mzazi wa marehemu, aliyekuwa na uchungu kuliko wote, hakusema neno barazani. Siku ya tatu yake tulipita pale, tukamkuta ameketi kando ya mkwewe, anamchagulia ukindu, ulio mzuri upande huu, uliovunjika upande huu. Hawakuwa wakizungumza.

Mkeka ule ulitandikwa siku ya kuanua matanga, na wageni waliketi juu yake, kama marehemu alivyotaka. Nasi tuliketi. Mungu aliyemwumba mtu kwa mavumbi ya nchi, na ambaye Mwanawe alikuwa seremala, aibariki mikono ya wote waliao.